Boti Zote Zikiwa Juu ya Mchanga

Bwana apokee sifa zake, ndugu zangu, hata zikitoka kinywani mwa mtu aliyepotezwa na uongo wake mwenyewe.

Naanza na ujinga wangu, maana mkiusikia kwa wengine watauongezea chumvi, na hauhitaji. Siku niliyoondoka nyumbani nilimwambia mke wangu, Mama Neema, kwamba naenda Madimba. Nilikuwa naenda ng'ambo ya Ruvuma. Sikumdanganya kwa sababu ya mwanamke wala magendo. Ingekuwa hivyo, leo ningekuwa na toba inayoeleweka. Nilimdanganya kwa sababu naogopa kuchekwa. Hapa Mikindani kila mtu ana sifa yake, na mimi yangu ni kulala nyumbani kwangu. Nimewahi kwenda Dar es Salaam mara moja tu, nikarudi shemeji yangu akiwa bado anatafuta shuka la kunitandikia. Nikiaga kwamba nakwenda mahali kwa siku nne, majirani huanza kubishana kama nitarudi siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo nikasema Madimba, hapo tu, kuna kazi ya useremala. Nikirudi mapema, hakuna atakayejua kwamba nimeshindwa kulala ugenini.

Hivyo ndivyo nilivyohakikisha kwamba nikipotea, watu wote wanaonipenda watanitafuta mahali nisipo. Na nina kidato cha nne, ndugu zangu. Cheti kipo kabatini, kimefungwa kwenye nailoni.

Wengi wenu mnajua kazi yangu ni kalfati. Kwa vijana waliozaliwa wakakuta boti za faiba: chombo cha mbao kina nafasi kati ya ubao na ubao. Fundi wa kalfati anasokota pamba, anailoweka mafuta, anaipigilia kwenye nafasi hizo kwa patasi na nyundo mpaka maji yakose pa kuingilia. Tumebaki mafundi wachache, na simu zetu haziiti sana. Basi alipokuja mtu mwenye viatu visafi akanitaja jina, akasema tajiri wake ng'ambo ana boti tatu za mbao na hana fundi, kisha akaniita "fundi mkuu", alinimaliza. Shetani hakuhitaji kunionyesha falme za dunia. Alinipa cheo tu.

Hatukupita kivuko cha Kilambo, penye muhuri wa mpakani. Yule mtu alisema kule tutacheleweshwa, twende chini kwenye mikoko, njia ya panya, dakika chache tu tumeshavuka. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuwahi kwenda ili niwahi kurudi. Mtu wa nyumbani ni hivyo.

Mahali tuliposhukia ni kipande cha mchanga kilichozungukwa na mikoko, upande wa kusini wa mlango wa mto. Maji yakijaa, huoni nchi kavu nyingine. Kulikuwa na boti tatu, banda moja, walinzi wanne wenye mapanga, na tajiri mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba wa sauti ya chini, anayekusikiliza mpaka umalize. Alichukua simu yangu na kitambulisho, akasema atanitunzia visilowe. Nikamshukuru. Ndiyo, ndugu zangu, nilimshukuru.

Nilipomaliza kazi ya kwanza nikaomba kurudi nyumbani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeingia nchi ya watu bila muhuri. Ukitoka hapa wewe ni mfungwa. Ukikaa hapa wewe ni fundi. Kaa." Nilipojaribu kubisha, mlinzi mmoja alinipiga kwa ubapa wa panga mgongoni, na tajiri hakupandisha sauti hata kidogo. Alimwambia tu asiniguse mikono, kwa sababu mikono ina kazi.

Hapo nilielewa mimi ni kitu gani pale.

Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na seremala wa vyombo anayeitwa Amisse, Mmakua wa kijiji kimoja cha upande wa Palma, hukohuko ng'ambo, mrefu, mcheshi, Mwislamu wa kuswali. Yeye alikuwa amekaa pale zaidi ya mwaka. Aliletwa kama nilivyoletwa mimi, kwa kuitwa fundi mkuu. Tulipogundua kwamba wote wawili tulipewa cheo kimoja, tulicheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Aliniita Mchungaji kwa sababu nilikuwa naomba kwa sauti. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha huko kwamba Mungu wangu lazima awe mbali sana, maana nampigia kelele kweli.

Kutwa tulifanya kazi. Jioni tulifungiwa bandani. Chakula kilikuwa ugali wa mhogo na chochote walichobakiza. Mwezi ukaisha. Mwezi mwingine ukaingia. Neno "utumwa" tunaliimba hapa kanisani kila wiki, Misri hivi na Farao vile, na mimi nimeliimba miaka yote nikiwa nimeshiba. Kule nilijaribu kuimba wimbo huohuo nikashindwa kuumaliza.

Na hapakuwa na pa kukimbilia. Mtumbwi ulikuwepo, ule mdogo wa kuchotea maji ya kunywa, na haukufungwa hata kwa kamba. Walinzi walituona tunauangalia wakatabasamu. Moja kati ya zile boti ilikuwa na injini. Ukitoka na mtumbwi, boti ya injini inakufikia hujamaliza kujuta. Amisse alishajaribu kabla sijaja. Alinionyesha kovu la kichwani, akasema alilipata akiwa amefika katikati ya maji.

Basi siku moja, Amisse akichonga ubao kwa tezo, lile shoka dogo la maseremala, likateleza likaingia kwenye mguu, juu kidogo ya vidole. Damu ilitoka nyingi, kisha ikakatika, tukadhani imekwisha. Siku chache baadaye mguu ulivimba. Tuliuosha kwa maji ya chumvi ya moto. Ukazidi kuvimba, ukaanza kunuka. Nilikwenda kwa tajiri, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikamwomba ampeleke hospitali, upande wowote, hata wa kwao. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Anachonga kwa mikono," akasema, "si kwa mguu."

Ndugu zangu, msidhani niliomba sala nzuri siku ile. Nilimwambia Mungu maneno ambayo mchungaji wetu hataki niyaandike hapa. Nilimwambia kama upo na unaona hivi, basi tazama pembeni, tusidanganyane. Nikamaliza nikangoja. Nilitarajia malaika, au tetemeko la kufungua milango kama la Paulo na Sila. Nikaletewa bibi yangu na ugoro wake.

Namaanisha nilimkumbuka. Bibi mzaa baba alikuwa na hadithi moja ambayo shangazi zangu walikuwa wakiisikia tu inaanza, wanamletea kazi ya kufanya. Hadithi ya babu yake yeye. Kwetu tulizoea kusema wazee wetu walikuwa wafanyabiashara wa Mikindani, wenye nyumba za mawe. Bibi akikasirishwa na majigambo hayo, alinusa ugoro, akapiga chafya, akasema ukweli: babu yake alikuwa mtumwa wa mtu, tena mtumwa wa kalfati. Alichukuliwa mdogo huku bara uwandani, akauzwa pwani ya kusini, upande wa Mreno, akafundishwa kazi kwa sababu mikono yake ilikuwa midogo na iliingia ndani kabisa ya tumbo la chombo. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia. Ile fahari yangu yote ya kuwa fundi wa ukoo, ukoo uliipata kwa kuibwa.

Bibi alisema bendera ya Mreno ilikuwa ikipepea mbele ya macho yao, na makaratasi yalishasema utumwa umekwisha, ila aliyewamiliki hakuona haja ya kuwasumbua na habari hizo. Walikuwa watatu: fundi wa kalfati, seremala, na rubani aliyejua mikondo ya mlango wa Ruvuma kama uani kwake. Mafundi wa namna hiyo hawafungwi minyororo, maana mnyororo unaharibu kazi. Wanafungwa kwa boti. Wewe huna, bwana anayo, na anakufuata.

Sasa sikilizeni walichofanya. Mnajua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana, hupanda hadi juu kabisa ya ufuko. Hiyo ni bamvua. Chombo cha kufanyiwa kalfati hupandishwa wakati huo, maji yenyewe yanakibeba, yakishuka kinabaki mchangani. Lakini kila siku inayofuata maji hujaa kidogo kuliko jana, mpaka ikifika kama wiki moja yanajaa kwa uvivu tu, hata tumbo la chombo hayaligusi. Hayo ndiyo maji mafu. Chombo kikubwa kilichopandishwa kwa bamvua hakishuki mpaka bamvua nyingine. Kila fundi anajua hilo. Halijawahi kuwa siri. Ni kazi tu.

Babu yake bibi alimshauri bwana wake vyombo vyote vipandishwe pamoja, vifanyiwe kazi mara moja kabla ya msimu. Bwana akafurahia kupata mtumwa mwenye kufikiria mali. Maji mafu yalipofika, wale mafundi wakaingia kwenye mtumbwi mchana kweupe wakaondoka. Bwana aliwaona. Alisimama ufukoni na vyombo vyake vyote, na hakuna hata kimoja kilichoweza kumsogeza hatua moja.

Bibi kila alipoisimulia alisema waliondoka watatu. Akifika kwenye kufika, alitaja wawili. Mimi nilikuwa mtoto, nilisikiliza mtumbwi tu. Sikuwahi kumuuliza wa tatu alikwenda wapi.

Nilimweleza Amisse bandani, kwa sauti ndogo mara hii. Akasema, "Mchungaji, huyo babu yako alikuwa na akili kuliko wewe. Yeye aliibwa. Wewe umekuja kwa miguu yako." Halafu akasema tufanye.

Boti mbili hazikuwa na tatizo, zilikuwa zinavuja na tajiri mwenyewe alitaka zifunguliwe. Tatizo lilikuwa ile ya injini. Alikuwa anailinda kama jicho. Nikamwambia tumbo lake limejaa chaza, kwa hiyo inakunywa mafuta bure, na kuna wadudu wanaoanza kutoboa mbao. Chaza walikuwepo. Wadudu niliwaongeza mimi, Bwana anisamehe. Alikubali ipandishwe, lakini akakataza nisiguse pamba yake hata mahali pamoja. Nikwangue, nipake deheni, yaani shahamu na chokaa, na kesho yake irudi majini bamvua ikiwa bado inajaza.

Ikapandishwa. Nikaikwangua polepole kama mtu anayemnyoa mgonjwa. Kesho yake nikamwambia mbao bado zina unyevu, nikipaka deheni sasa itabanduka. Hilo ni kweli, waulizeni mafundi. Keshokutwa yake nikasema hivyohivyo. Siku iliyofuata maji yalijaa, yakafika kwenye shetri, pale nyuma penye injini, hayakuinyanyua. Tajiri alisimama akayatazama yakirudi. Hakupandisha sauti. Alichukua kasia akanipiga nalo mwenyewe, mabegani na kiunoni, mpaka akachoka. Mikono hakuigusa. Mpaka leo nikiinama kufunga kamba za viatu kiuno kinanikumbusha.

Tangu hapo walinzi walilegea. Boti zote ziko juu ya mchanga, tutakwenda wapi? Mchana walianza kulala kwenye kivuli cha banda. Hawakuwa watu wa baharini, ndugu zangu. Waliona boti zimekaa juu wakadhani tumefungwa zaidi.

Lakini ilibidi tungoje. Ile boti ya injini bado maji yalikuwa yanaifikia nyuma. Wanaume wanne na tajiri wa tano, wakisukuma kwa hasira wakati maji yamejaa, wangeweza kuishusha. Ilibidi maji yapungue zaidi, siku baada ya siku. Na mguu wa Amisse haukuwa unangoja. Kila siku maji yaliacha mstari wa majani chini kidogo ya mstari wa jana, na kila siku uvimbe ulipanda juu kidogo ya ulipokuwa jana. Nilikuwa natazama mistari miwili. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia mwendo wa mwezi wiki ile.

Siku moja, zikiwa zimebaki mbili au tatu, Amisse alinishika kola. Joto la mkono wake lilipenya shati. Akasema, "Twende leo. Hivihivi tu. Wakitukamata watukamate."

Nikatoka nikaenda kwenye boti kama nakwangua. Nikapitisha mkono chini ya shetri. Mchanga ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yamefika pale asubuhi ileile. Nikarudi, nikamwambia bado.

Aligeukia ukutani.

Mniulize ninyi nilichojiuliza mimi. Tungeondoka siku ile, labda wangelala. Labda boti ingewashinda kusukuma. Labda angewahi. Au labda tungeuawa wote wawili katikati ya maji na msingekuwa na ushuhuda wa kusoma. Sijui. Nimemwomba Mungu anijulishe, na kwa hilo hajanijibu. Sitawadanganya kwamba kanijibu.

Siku mchanga ulipokuwa mkavu chini ya shetri, mkavu kabisa wa kuchirizika vidoleni, nilimbeba Amisse mgongoni wakati wa mchana, jua likiwaka, walinzi wakikoroma. Alikuwa mtu mrefu lakini nilimbeba kama gunia la pamba. Nikamweka mbele kwenye mtumbwi, nikausukuma. Tulikuwa tumeshapita mikoko ya kwanza ndipo niliposikia kelele. Niligeuka mara moja tu. Watano wote walikuwa wameinamia boti ya injini wakisukuma, na boti imekaa palepale. Maji yalikuwa mbali nayo, yametulia kama ya kwenye beseni. Tajiri alikuwa anapiga kelele sasa. Nilisikia sauti yake halisi kwa mara ya kwanza.

Haleluya, ndugu zangu. Pale nilisema haleluya, na naisema tena hapa.

Mlango wa Ruvuma ni mpana, na mimi mikondo yake siijui. Amisse ndiye aliyeijua. Alilala kifudifudi mbele na kidevu kwenye ukingo, akawa ananyoosha mkono: kushoto, kulia, hapana, fungu la mchanga lile. Homa ilikuwa inamtetemesha mpaka mtumbwi nao ukatetemeka. Tukapita karibu na viboko, wakatutazama, wakatuacha. Kadiri tulivyokaribia upande wetu, mkono wake ulianza kunyooka chini zaidi, kisha kikawa kinanyooka kidole tu. Tulipogusa tope la upande wa Tanzania nilimwambia tumefika. Akasema, "Sasa mimi ndiye sina muhuri." Akacheka kidogo. Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolielewa. Yaliyofuata yalikuwa Kimakua.

Kina mama waliokuwa wakiwinga ndege kwenye mpunga walitukuta. Hawakuuliza sisi ni kina nani. Mmoja alivua kanga ya pili tukambebea Amisse, wakaitwa vijana wa pikipiki, akakalishwa katikati ya wawili mpaka zahanati ya Kilambo. Mganga alifanya yote aliyoweza, namshuhudia mbele za Mungu. Alifunua mguu, akaufunika, akanitazama. Akapiga simu itafutwe gari la kumpeleka Mtwara. Gari lilikuja. Amisse hakulisubiri.

Waislamu wa kijiji kile walimwosha, wakamswalia, wakamzika jioni ileile, mtu wasiyemjua, na hakuna aliyeuliza aliingia kwa njia ipi. Mimi nilisimama nyuma na nguo zangu za tope, Mkristo asiyejua pa kuweka mikono. Walipomwaga udongo, mzee mmoja alinipa koleo, nami nikamwaga.

Ndipo nikaelewa kwa nini bibi alitaja wawili.

Nyumbani nilikuta nimeshaliliwa. Mama Neema alikuwa amekwenda Madimba hadi kwenye geti, siku tatu tofauti, na picha yangu ya harusi. Mara ya mwisho mlinzi alimwambia kwa upole kwamba mle ndani ni kiwanda cha gesi, na gesi haizibwi kwa pamba, mama, nenda kapumzike. Aliponiona mlangoni alikaa chini kwenye kizingiti. Baadaye usiku ndipo alipoanza kunigombeza, na aligombeza mpaka kukakucha, na sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule. Polisi nilikwenda nikaandikisha maelezo yote, na kitambulisho nimepata kipya. Picha yake inaonyesha mtu mwembamba kuliko anayewaandikia, maana nimeshaanza kurudi kwenye hali yangu ya kukaa na kula.

Nawashuhudia basi, ndugu zangu. Nilikuwa nimefungwa, nikafunguliwa. Mungu hakunitumia upanga wala malaika. Alinitumia hadithi ambayo ukoo wangu uliionea haya, na mwezi unaozunguka kila siku bila kuombwa. Wewe unayesoma hapa na kwenu kuna jambo la wazee mnalolifunika, usiwanyamazishe bibi zako. Huenda Mungu ameweka ufunguo wako ndani ya jambo hilohilo. Na wewe uliyefungwa mahali, iwe kwa mtu, iwe kwa pombe, iwe kwa woga wa kuchekwa kama wangu, mwite. Simwahidi mtu kwamba hatakufa. Amisse aliomba mara tano kila siku, hata siku ambazo hakuweza kuinama, na amelala kule kwenye mchanga wa Kilambo. Ninachojua ni kwamba Mungu alikuwa kwenye mtumbwi, na alikuwa anajua majina yetu wote wawili. Mwamini. Mimi nimemwamini hata kwa lile ambalo hajanijibu.

Namshukuru Yeye. Nawashukuru kina mama wa kwenye mpunga. Nawashukuru ninyi mlioniombea, hata kama mlielekeza maombi Madimba.

Nilitaka kumalizia hapo, kwa amina. Lakini jana nilikuwa uani nasoma karatasi hii kwa sauti, kuona kama inasomeka, na upande wa pili wa ua jirani yangu Bi Somoe alikuwa anachambua dagaa. Yeye si wa kanisa letu, na hana desturi ya kupamba maneno. Alinisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza anaonaje. Alitikisa ungo wake kwanza, kisha akasema, nami naandika kama alivyosema:

"Baba Neema, ushawaambia watu wote ambao hawakumzaa Amisse. Aliyemzaa utamwambia lini?"